Jinsi Nyumba ya Kuogea Ilivyoponea Pwani

Pipa la maji likikaribia kuchemka huguna. Sisemi kuchemka kwenyewe. Hiyo ni kelele ya kila sufuria. Nasema ule mguno wa kabla, mzito, unaotoka tumboni mwa pipa kama mzee anayejiandaa kuinuka kwenye kigoda. Guuu, kisha kimya. Guuu, kisha kimya. Nimefanya kazi hotelini hapa Songea tangu usichana wangu hadi juzi mliponiaga kwa keki na kanga, na mguno ule nausikia hata sasa, nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Mshangano ambako hakuna pipa wala moto, ila kuku tu.

Ninawaandikia ninyi mliobaki, wadogo zangu wa vyumbani na wa mabafuni. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo siyaandiki. Mnayasimulia vizuri kuliko mimi kila mnapokunja mashuka. Nataka mjue namna nyumba ya kuogea, ile ya nyuma, ilivyokaribia kugeuzwa ghala la mbolea, na namna tulivyosafiri hadi pwani kuitafutia uhai. Wengi wenu mnadhani imekuwepo kwa sababu imekuwepo. Hapana. Kuna watu walioishikilia.

Nilikuja kuomba kazi nikiwa na cheti changu cha darasa la saba na ndoto ya kuwa mhudumu wa ndege, yule dada anayegawa soda angani. Ndege yenyewe nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, ikishuka uwanjani, lakini hilo halikunizuia kuota. Meneja wa wakati ule aliniambia ndege hana, ana vyumba. Nikakubali. Nikapelekwa nyuma kwa Mama Fidelisi.

Mama Fidelisi alikuwa mtu wa Maposeni, mnene kidogo, mjane, mwenye sauti ya chini ambayo hakuwahi kuhitaji kuipandisha. Nilimkuta ameinama anachochea kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete mikono."

Nikamnyooshea. Akaigeuza juu chini kama anayechagua viazi sokoni.

"Laini. Wiki mbili tu," akasema, "itakuwa mikono."

Yeye ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Kwamba taulo halikaushwi juani likawa gumu kama ubao. Linaanuliwa likiwa bado na unyevu kidogo, kisha linapigwapigwa mkononi. Kwamba mgeni hodi anapigiwa mara moja na kusubiriwa, maana aliyeko ndani ya maji hawezi kukimbilia mlango. Kwamba kuni za mkaratusi zinawaka haraka na kusahau haraka, kwa hiyo anzia hizo, kisha weka mti mzito. Kuhusu joto la maji, alikuwa na sheria moja: "Maji yasiyokutoa machozi kidogo hayajafika." Msicheke. Mnajua baridi ya Songea mwezi wa sita. Ofisa aliyetoka Mpitimbi nyuma ya gari la wazi alikuwa anafika amekakamaa, tunamwonyesha mlango wa bafu, na baada ya hapo anatoka anatabasamu peke yake.

Nyumba yenyewe ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya maofisa wao: kuta nene, mahodhi mawili ya chuma yenye miguu kama ya simba, na pipa juu ya jiko la matofali. Lakini Mama Fidelisi alikuwa amekwisha kuipa kazi nyingine. Alasiri, wageni wakiwa mjini, waliingia kwa mlango wa nyuma wanawake waliotoka kujifungua. Nyumbani kwetu mzazi hukandwa na mama yake au mkwewe, kwa maji ya moto hasa na taulo, mgongo, nyonga, tumbo, mpaka mwili urudi mahali pake. Sasa fikirini mke wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Mara, au nesi wa Kigoma. Mama yake yuko mbali mno. Nani amkande? Mama Fidelisi. Wengine walileta kuni, wengine walileta shukrani, na yeye alivipokea vyote kwa uso mmoja. Meneja alijua na alijifanya hajui. Serikali ilikuwa na hoteli, hoteli ilikuwa na maji, na maji hayakuwa na wivu.

Kisha likaja soko huria. Mashirika yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine, na zamu yetu ikafika. Aliyenunua hoteli alikuwa Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Nisimseme vibaya, alikuwa mtu mwenye heshima, aliyesalimia mpaka mfagiaji. Lakini alitazama kila kitu kama mtu anayekadiria gunia. Siku ya kwanza alizunguka akiwa na kanzu yake nyeupe, akapima jiko, akapima stoo, akafika kwetu nyuma. Akaingia, akagonga ukuta kwa ngumi.

"Mashallah. Ukuta huu! Hapa itakaa mbolea. Mvua za mwaka huu zikianza, wakulima wote watakuja kununua kwangu."

"Na mabafu, mzee?" nikauliza.

"Wageni watapelekewa ndoo vyumbani."

"Na Mama Fidelisi?"

Akageuka, akamtazama Mama Fidelisi kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma. "Mama amefanya kazi. Apumzike sasa. Mwenyezi Mungu atamlipa."

"Amina," Mama Fidelisi akasema. Akarudi kuchochea. Niliuona mgongo wake. Mgongo ule haukuwa wa mtu anayetaka kupumzika. Alikuwa na wajukuu wawili aliowalea, na hakuwa na shamba lililobaki Maposeni; shemeji zake walikuwa wamekwisha kulilima.

Hapo nikafungua mdomo. Kuna mgeni mmoja alishawahi kunisimulia habari za hoteli ya zamani pwani ya kusini, iliyojengwa enzi za Wajerumani, ambako watu walisafiri mbali kwenda kuoga tu. Hawakuwa na mkutano wala biashara; walikwenda kukaa katika maji ya bahari yaliyopashwa moto ili mifupa iache kuuma. Mimi nilikuwa nimeijenga kichwani hoteli ile mara nyingi, na mapazia nimeyaweka. Nikamweleza Mzee Rajabu kana kwamba nimezaliwa humo.

Alicheka mpaka kofia ikasogea. "Mtu anatoa hela yake kwa ajili ya kuoga?"

"Ndiyo, mzee. Hata leo."

Hilo la "hata leo" sikulijua. Nilitumaini.

Akairudisha kofia mahali pake. "Vizuri. Nina safari ya pwani kuhusu korosho. Twendeni wote watatu mkanionyeshe. Nikimwona mtu analipa ili aoge, nyumba hii nawaachia. Nisipomwona, binti, usinisumbue tena."

Tulipobaki wawili, Mama Fidelisi akanigeukia. "Tekla, mwanangu, hiyo hoteli ipo?"

"Ipo, mama."

"Na watu wanaoga?"

"Tukifika tutajua."

"Haya," akasema. "Basi nibebe kanga ya pili."

Tukaondoka kwa pikapu ya Mzee Rajabu, sisi wawili kwenye kiti kimoja na yeye kwenye usukani. Waliozoea lami ya leo hawawezi kuelewa barabara ile. Gari lilikuwa linakwenda pembeni kuliko mbele. Tukalala Tunduru kwa mke wake mkubwa, aliyetupokea vizuri na kutulisha hadi tukashindwa kuinuka, kisha tukaendelea. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Mama Fidelisi alivua sweta, akavua kitambaa cha kichwa, akabaki anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Hoteli ilikuwepo. Nilitaka kuruka. Ilisimama juu ya mwamba, nyeupe kwa mbali, na safu ya matao mbele yake kama kanisa la misheni lililogeuka kutazama maji. Tuliposogea karibu weupe ule ukawa chokaa inayobanduka, na nusu ya madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao. Mwenye hoteli hakuwepo. Alikuwepo mlinzi na bibi mmoja mfupi, Bibi Zuhura, aliyekuwa mhudumu wa mabafu tangu enzi za mkoloni Mwingereza na ambaye, kwa maneno yake, hakuna aliyekumbuka kumwambia aache.

"Wageni wako wapi, bibi?" Mzee Rajabu akauliza baada ya salamu zote.

"Wageni? Wako wawili juu, wanakuja kuvua samaki kwa ndoano. Wanaoga baharini, bure."

"Na wanaolipa ili waoge?"

"Lo! Hao wameisha zamani, baba."

Mzee Rajabu hakunicheka. Alinitazama tu, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Umesikia mwenyewe, binti." Kisha akamwomba bibi mahali pa kivuli pa kukaa, maana safari ilikuwa imemchosha. Bibi Zuhura akamwelekeza chumba kimoja kikubwa mwishoni mwa jengo la mabafu. Akaingia humo.

Nilisimama pale na ndoto yangu mkononi kama mtu aliyebeba mayai akajikwaa. Nakubali, machozi yalinilengalenga. Mama Fidelisi ndiye aliyenishika kiwiko. "Tumekuja mbali," akasema. "Hatuondoki bila kuona kazi. Bibi, hata hodhi moja halifanyi kazi?"

Bibi Zuhura akang'aa uso. Kumbe lilikuwepo moja, la mawe, na jiko lake. Alikuwa analitunza. Kila baada ya muda alikuwa analisugua kwa mchanga, basi tu, kama mtu anavyochana nywele za marehemu.

"Nani ataoga?" akauliza.

"Mama Fidelisi," nikasema.

"Mimi? Mimi ni wa kuogesha."

"Leo wewe ni mgeni, mama. Vinginevyo tutajifunzaje?"

Tulichota maji ya bahari kwa ndoo, mimi na mlinzi, tukajaza pipa kubwa juu ya jiko. Bibi Zuhura akaenda kutafuta mafuta yake ya nazi, akatuachia moto. Sasa ndugu zangu, mtu wa Songea akiachiwa moto anafanya nini? Anachochea. Niliweka kuni, Mama Fidelisi akaongeza kuni, tukasubiri maji yafikie pale tulipopazoea, pa kutoa machozi. Joto la nje lilikuwa la kuivisha maandazi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba baridi tuliyokuwa tunaipiga vita tumeiacha nyumbani. Tukamimina. Mvuke ukapanda hadi nikawa simwoni Mama Fidelisi. Kuta za ndani zilikuwa hazifiki darini, kwa hiyo mvuke ukawa unamwagikia upande wa pili kama maziwa yaliyochemka.

Bibi Zuhura akarudi, akazamisha kiwiko. "Astaghafirullahi! Mnamwogesha au mnampika?"

"Kwetu hivi ndivyo," Mama Fidelisi akasema kutoka ndani ya wingu, tayari mguu mmoja uko hodhini.

"Kwenu nani kajifungua? Toka humo, mwanamke!"

Ikawa kicheko kile cha kushika mbavu. Tukamimina maji ya baridi, ndoo baada ya ndoo, na Bibi Zuhura akatufundisha sheria yake, ambayo ndiyo ninyi mnaifuata leo bila kujua ilikotoka: maji yawe kama mwili, mtu asijue yeye anaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Miguu kwanza. Kisha umwache akae, na wewe kaa karibu, usimsemeshe mpaka akusemeshe.

Mama Fidelisi akaketi. Mara ya kwanza aliinuka kuangalia moto. Mara ya pili aliinuka kuchukua taulo mwenyewe. Bibi Zuhura akamkalisha kwa kumwekea mkono begani. "Tulia. Wewe umewaogesha wangapi? Mungu anataka na wewe uonje." Akamwagia maji shingoni kwa kata, taratibu, na nikaona uso wa mama yule ukilegea kidogo kidogo, mpaka akafumba macho. Nami nikatii sheria, sikumsemesha.

Ndipo tukasikia Mzee Rajabu anaita kutoka chumba cha pili. "Hee! Nani anamwaga maji huku?"

Nikakimbia. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, kanzu imemganda mgongoni. Alikuwa ameegemea ukuta akasinzia, na ukuta umemlowesha. Mvuke wetu ulikuwa umepita juu, ukagusa kuta zile nene na kuanza kutiririka. Lakini hakuwa akitazama kanzu. Alikuwa akitazama rundo la mifuko lililofunikwa turubai, alilokuwa amekalia.

"Bibi!" akaita. "Hii nini?"

Bibi Zuhura akaja akifuta mikono. "Simenti, baba. Mabafu yalipokosa watu, mwenye hoteli aliwakodisha mafundi wa barabara hiki chumba wakafanya stoo. Nikawaambia, ukuta huu umekunywa maji tangu bibi yangu yuko hai, hautaacha leo. Wakasema mvua haiingii. Kweli haikuingia." Akapiga mfuko mmoja kwa kisigino. Haukubonyea. Ulilia kama jiwe. "Wakaiacha yote. Hata kuibeba kwenda kuitupa waliona kazi."

Mzee Rajabu akapiga mfuko mwingine kwa ngumi, kisha mwingine. Akachana karatasi ya mmoja, akakuta umbo la mfuko lililoganda, na mikunjo yake yote. Akapitisha kiganja ukutani, akakilamba. "Chumvi," akasema.

"Wetu hauna chumvi, mzee," nikasema haraka. "Lakini maji umekunywa ule ule wingi. Na mbolea inapenda maji kuliko simenti. Ikishavuta unyevu inashikana, huwezi kumpimia mkulima bila shoka."

"Unanifundisha mbolea?"

"Hapana, mzee. Baba yangu analima mahindi. Aliwahi kuweka mfuko mmoja jikoni."

Akarudi kuutazama ule mfuko aliouchana. Nilijua hakuwa akinisikiliza mimi, bali mifuko ile. Mfanyabiashara anaamini mzigo kuliko mtu, na sioni ubaya. Mlangoni akatokea Mama Fidelisi amejifunga kanga zote mbili, amelowa, ngozi inang'aa, na uso ambao sikuwahi kumwona nao. Mzee Rajabu akamtazama.

"Wewe nawe umefanywa nini?"

"Nimeogeshwa, mzee."

"Ukoje?"

Mama Fidelisi akafikiri. "Kama nimesamehewa," akasema.

Mzee Rajabu akacheka kidogo, akajipapasa kiuno chake kilichoumizwa na usukani, lakini kuingia humo hakukubali. Heshima ilikuwa nzito kuliko maumivu. Tukaanza safari ya kurudi, tukavuka Tunduru. Hapo akasema, macho barabarani: "Sikumwona mtu anayelipa ili aoge."

"Ndiyo, mzee," nikasema. Mama Fidelisi akanifinya.

"Mbolea yangu nitaitafutia mahali pakavu. Nyumba ile bakini nayo. Lakini kuni ni zenu, sitaki kusikia habari za kuni. Na wale wazazi waingie kwa mlango wa mbele. Mimi sifichi wageni."

Mama Fidelisi akatazama nje dirishani muda mrefu sana. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye kiu, akatoa chupa ya maji.

Yaliyofuata mnayajua zaidi. Kuni tulizipata kwa kukubali kubeba matawi ya mikaratusi waliyokata watu, mara Maposeni, mara karibu na soko. Maji tukayafanya ya aina mbili, ya mzazi na ya mgeni, na Mama Fidelisi aliyasimamia mpaka miguu yake ilipokataa, miaka mingi baadaye. Na watu walianza kulipa, taratibu, walioumwa viuno na magoti, wa kwanza akiwa dereva wa malori. Mzee Rajabu hakuwahi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Alikuwa akileta wageni wake na kuwaonyesha mlango.

Ila nataka kumalizia na siku ile tuliyofika. Tuliingia Songea mchana. Mama Fidelisi akashukia kanisani, akasema ana mazungumzo na Mungu ambayo hayawezi kusubiri. Mzee akaenda kwa mafundi wake, aliokuwa amewaita waigeuze nyumba ile ghala, kuwarudisha makwao. Mimi nikapita nyuma peke yangu. Kumbe tulipokuwa safarini fundi alikwisha kuja: ukutani, kuanzia sakafu hadi juu ya kichwa changu, alikuwa amechora kwa mkaa mlango mpana wa kupitisha mifuko, na katikati yake ameweka alama kubwa ya kubomoa. Mlango wenyewe ulipita juu ya mahali pa kuwekea taulo, ukakata dirisha.

Nikachota maji, nikachukua brashi na kipande cha sabuni ya mche. Mkaa kwenye chokaa ni mbishi. Ukiusugua kwa hasira unasambaa. Nikapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikaanza na mstari wa juu, taratibu, nikifuta na kusuuza kitambaa, nikashuka upande wa kulia, nikashuka upande wa kushoto, na mwisho nikaifuta ile alama ya katikati, mpaka ukuta ukawa ukuta.